Muziki wa Taratibu na Ukweli wa Kumbukumbu

Katika aina zote za muziki ambazo watu wa mwambao na wa bara wamezicheza tangu gramafoni iliposhushwa bandarini, sidhani kama ipo iliyoshtakiwa na kutetewa kwa bidii kama ile ya taratibu, ambayo mwanamume na mwanamke huicheza wakiwa wameshikana, kwa hatua fupi, mbele ya hadhara ya watu wanaowajua. Wazee waliishtaki kwa sababu ya kule kushikana, na mashtaka hayo yamekwisha kupoa; lakini mahali pake limezuka shtaka jingine ambalo kwangu ni zito zaidi, nalo ni kwamba kumbukumbu zinazoamshwa na nyimbo hizo ni za uongo, na kwamba mtu anayefumba macho anaposikia bolero ya ujana wake hayakumbuki mambo yalivyokuwa, bali hujitungia yale aliyotamani yawe.

Nimeziweka hapa sauti nne zijibizane juu ya shtaka hilo, nami ni mwandishi wao na, pale nitakaposhindwa kujizuia, mshiriki wao. Wote ni wakazi wa Tanga, mji usio mgeni katika jambo hili, maana ndimo zilimotoka Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Wa kwanza ni Mwalimu, mtu wa vitabu, ambaye hakubali neno mpaka amelipima. Wa pili ni Mpigaji, aliyeshika gitaa la rizimu katika bendi za dansi miaka ya 1970. Wa tatu ni Bibi, mzaliwa wa Unguja aliyeolewa Tanga, mpenzi wa taarabu, ambaye hajapata kucheza dansi maishani mwake wala hajuti. Wa nne ni Kijana, anayelipwa kupiga muziki harusini kwa kompyuta, na ambaye kwa kazi yake hiyo huwaona watu wakikumbuka na kusahau kila Jumamosi.

MWALIMU: Nianze na wimbo ambao hakuna atakayeukataa kuwa mfano. "Malaika" uliimbwa na Fadhili William wa Kenya, kisha Miriam Makeba wa Afrika Kusini akautembeza duniani, na juu ya nani aliyeutunga kumekuwa na ubishi usiokwisha, wengine wakimtaja Adam Salim. Ubishi huo nauacha. Ninachouliza ni wimbo wenyewe wasema nini. Wasema habari ya kijana aliyemkosa ampendaye kwa kukosa mahari. Ni kilio cha ufukara tangu mwanzo hata mwisho. Lakini tazameni harusi zetu: bwana harusi aliyekwisha kulipa mahari anamzungusha bibi harusi juu ya kilio cha asiyeweza kulipa, na miaka thelathini baadaye wote wawili wataapa kwamba ule ndio wimbo wa furaha yao. Ikiwa maneno yaliyo dhahiri kiasi hicho yameweza kufutwa na mahadhi, ni mangapi mengine yamefutwa pamoja nayo? Magomvi ya usiku ule? Aliyeachwa nyumbani akilea? Wataalamu wa nafsi nao wameona kwamba mtu aliyevuka miaka arobaini, akiulizwa aeleze maisha yake, hurejea mara nyingi zaidi kwenye miaka iliyo baina ya kumi na thelathini ya umri wake. Basi tunapousifu wimbo, kwa kweli twausifu umri, na kuupa wimbo sifa ambayo ni ya mifupa iliyokuwa haijaanza kuuma.

MPIGAJI: Mwalimu, Mola akuzidishie elimu, lakini umeyasoma maneno ukauacha muziki. Mimi nilikuwa nyuma ya gitaa, mikono yangu ina kazi, sina wa kumkumbatia, na kwa sababu hiyo niliona. Niruhusu kwanza nieleze wimbo wa taratibu unavyopigwa, kwani asiyejua ujenzi wake hatajua kwa nini unakaa kichwani. Wimbo wa kasi unasitiri. Mpiga solo akikosea, tumba zinalifunika kosa, watu wanaruka, hakuna aliyesikia. Wa taratibu hausitiri kitu. Mapigo yake ni kama sitini hadi themanini kwa dakika, yaani yanakaribiana na ya moyo wa mtu aliyetulia, na baina ya pigo na pigo pana nafasi ambayo kila mpigaji hana budi kuiheshimu, asiijaze kwa ubingwa wake. Besi inasema mara mbili au tatu tu ikanyamaza. Rizimu inadondoa uzi mmoja mmoja badala ya kuzikwangua nyuzi zote. Saksafoni inangoja mwimbaji amalize pumzi yake ndipo imjibu. Na waimbaji wawili wakienda pamoja, wa pili juu kidogo ya wa kwanza, mmoja akiteleza ukumbi mzima unajua. Katika mazoezi, nyimbo za namna hiyo ndizo zilizotuchosha kuliko zote.

Wala hatukuzibuni peke yetu. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilileta Afrika mfululizo wa santuri zilizoandikwa herufi GV, nyingi zikiwa za Kuba, na mwanzoni mwa mfululizo huo palikuwa na "El Manisero" wa Moisés Simons, ambao okestra ya Don Azpiazu iliurekodi New York mwaka 1930. Santuri hizo zilisikika Léopoldville, zikasikika Dar es Salaam, zikapanda na reli mpaka Morogoro, na ndiyo maana bendi ya Salum Abdallah wa Morogoro ikaitwa Cuban Marimba ingawa Mkuba hakuwamo hata mmoja. Kisha vita vikuu vilipokwisha wakarejea askari waliopiga muziki jeshini huko Burma, miongoni mwao Fundi Konde wa pwani ya Kenya, na dansi likapata mafundi waliokwisha kuzoea hadhara ya watu wengi.

Sasa tuingie ukumbini. Mwanamume hakumvuta mwanamke mkono. Alikwenda mpaka mezani kwao, akamwomba ruhusa aliyekaa naye, awe mume, kaka au shoga, ndipo akampa mkono. Na wimbo ulipokwisha alimrudisha mpaka kitini pake akashukuru, hakumwacha katikati ya ukumbi akajirudie. Adabu hiyo ilijulikana na kila mtu, na aliyeivunja alijulikana pia, na ndiyo iliyomwezesha binti wa watu kushikwa kiuno mbele ya shemeji zake na jina lake lisiharibike. Wewe wasema tunakumbuka furaha. Mimi nikisikia bolero nakumbuka utaratibu: nani alimwendea nani, nani alikataliwa akarudi kwa heshima, nani alikubaliwa kwa wimbo mmoja na hakupewa wa pili.

KIJANA: Shikamooni wazee wangu. Babu ametaja utaratibu, nami nieleze ulivyobaki. Katika harusi ninazopiga, wimbo wa taratibu hupigwa mara moja. Maharusi wanaitwa katikati na mshereheshaji, taa zinapunguzwa, wageni wanasimama kuwazunguka na simu zao juu. Wanacheza wawili, wanatazamwa na mia tatu. Dakika mbili na nusu zikipita, mtu wa kamati ananipungia mkono nibadilishe, maana wageni wamekwisha kuchoka kutazama. Lakini sikubali, Babu, kwamba kumbukumbu ni ya bolero peke yake. Mama yangu alikua na zouk. Kassav' wa visiwa vya Antili walivuma tangu mwaka 1984, na zouk ya polepole iliyofuata ikatawala madisko ya mjini. Nikiiweka, wanawake wa rika la mama wanaacha sahani mezani wakainuka. Waliokuwa na bolero wanaikumbuka bolero, waliokuwa na zouk wanaikumbuka zouk, na watoto wangu wataikumbuka Bongo Fleva.

BIBI: Marahaba mjukuu wangu. Nimewasikiliza nyote, na nyote mwazungumza kana kwamba mahaba hayakumbukiki mpaka watu washikane. Sisi Unguja tulikaa vitini. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, kabla hazijazaliwa santuri zenu za GV, na Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akarekodi, na sahani zake zikasikika katika majumba ambamo yeye mwenyewe hakupata kuingia. Fidla, udi, kanuni, nai, vyote vyaenda kwa kituo, na msikilizaji amekaa, mgongo umenyooka, leso mkononi. Mwanamke aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda kwa hatua zake mwenyewe mpaka kwa mwimbaji akamtunza, na katika kutunza kwake wote waliokaa wajua ubeti ule ni wa nani: amempiga nani fumbo, amemsamehe nani, anamtamani nani. Hakumshika mtu, hakutamka neno, na hakuna tena la kuficha. Leo redio ikiupiga wimbo huo, waliokuwapo watakutajia aliyeinuka, na ubeti alioinukia, na nguo aliyovaa.

Basi Mwalimu, mwanangu, unaposema kumbukumbu ni uongo, nakuuliza: uongo wa nani, ilhali mashahidi ni wengi? Mimi nikisahau, shoga yangu atanikumbusha. Yeye akizidisha, nitampunguza. Anayejidanganya ni yule aliyependa gizani, ambaye hakuna aliyemwona.

Hapa naomba niingie, kwa kuwa Bibi, ambaye hajapata kucheza dansi, amesema juu ya dansi neno ambalo wachezaji wake hawakulisema. Twazoea kudhani kwamba muziki wa taratibu ni muziki wa faragha, wa watu wawili na siri yao. Na kumbe sifa yake kubwa, katika kumbi za hapa kwetu, ilikuwa kuyaleta mahaba mbele ya hadhara na kuyapa kipimo ambacho hadhara nzima ilikifahamu. Wimbo ulikuwa na mwanzo na mwisho, mkono ulikuwa na mahali pake, na urefu wa kushikana haukuamuliwa na wanaoshikana bali na bendi. Ndiyo sababu kumbukumbu zake zimedumu zikiwa na majina ya watu, meza walizokaa na hata mvua iliyonyesha nje: hazikuwekwa na mtu mmoja, ziliwekwa na mji.

Na hali ya upashaji wa muziki wa siku zile ililiongezea jambo hili nguvu. Tanzania ya miaka ya 1970 haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Nyimbo za bendi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kubaki humo katika tepu, na zile zilizobahatika kuwa santuri zilitengenezwa Nairobi, njia ambayo nayo ilizidi kuwa ngumu mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977. Matokeo yake ni kwamba mpenzi wa wimbo hakuwa na uwezo wa kuuita atakapo. Aliupata ukumbini bendi ilipopenda, au aliupata redioni mtangazaji alipopenda, na alipoupata redioni, jirani yake naye aliupata saa ileile kupitia dirisha lililo wazi, na mtu aliyemwandikia kadi ya salamu akiwa Tabora au Lindi naye aliupata. Mtu anayeweza leo kuuita wimbo wowote kwa kidole, saa sita za usiku, peke yake, ana mali nyingi kuliko tuliyokuwa nayo sisi. Lakini anakumbuka peke yake, na sioni kama hilo ni jambo dogo.

MWALIMU: Mwandishi amenena vizuri, na kwa sababu amenena vizuri ni lazima ajibiwe. Mashahidi! Mashahidi hawa walikuwa akina nani, na waliwafanyia nini waliowashuhudia? Wendo Kolosoy alipotoa "Marie-Louise" huko Léopoldville mwaka 1948, watu walivumisha kwamba wimbo ukipigwa usiku wa manane huwafufua wafu, na kanisa likamchukia kwa ajili hiyo. Dar es Salaam, mwaka 1969, serikali iliupiga marufuku muziki wa soul, mwaka uleule ambao vijana walikuwa wakiandamwa kwa nguo fupi na mawigi, na hoja ilikuwa ileile ya kuchunga mienendo yao. Hadhara inayotunza kumbukumbu ndiyo hiyohiyo inayoadhibu. Na adabu anayoisifu Mpigaji, ya kumwomba ruhusa mume au kaka, ilimhifadhi mwanamke aliyekuja na mume au kaka. Aliyekuja peke yake je? Mnajua alivyoitwa. Alicheza wimbo uleule, kwa hatua zilezile, na kesho yake mji wenu wenye kumbukumbu ukamkumbuka kwa jina ambalo hakulichagua. Je, naye akisikia bolero leo hufumba macho kwa furaha?

MPIGAJI: Walikuwapo. Niliwaona kila wiki.

MWALIMU: Endelea.

MPIGAJI: Walilipa kiingilio chao wenyewe, wakakaa karibu na jukwaa kwa sababu sisi wanamuziki hatukuwasema. Baadhi yao walijua muziki kuliko waume wote waliokuwa ukumbini. Bendi ikichelewesha pigo, wao ndio waliotugeukia kwanza. Na wakati mwingine wimbo wa taratibu ulipigwa mwanzo hadi mwisho na hakuna aliyewaendea. Sitasema haikuwa hivyo. Lakini niongeze jambo. Nyimbo zetu zilijaa majina ya wanawake. Marijani Rajabu na Safari Trippers waliimba "Georgina", kisha akiwa na Dar International akaimba "Zuwena", na nchi nzima ikayashika majina hayo kwa heshima na huruma. Mwanamke ambaye mji ulimwita vibaya mchana, usiku aliimbwa jina lake zuri.

MWALIMU: Aliulizwa kama anataka kuimbwa?

Mpigaji hakulijibu swali hilo, nami sitamjibia. Hoja ya Mwalimu ina haki yake yote, na yeyote anayeandika juu ya kumbi zile kana kwamba zilikuwa na milango iliyo wazi kwa kila mtu hawatendei haki wale waliobaki vitini. Hata hivyo haiangushi neno la Bibi, bali yalipanua. Mwanamke aliyekaa karibu na jukwaa alikuwa shahidi naye, na pengine shahidi aliyeona mengi kuliko wachezaji. Na kumbukumbu yake, iliyo chungu, haipingani na tamu ya mwenzake aliyecheza. Zote mbili ni za usiku mmoja, na wimbo ukipigwa zitaamka pamoja, kila moja katika kifua chake.

KIJANA: Mimi nina swali la kazi. Ikiwa nyimbo hizi zina nguvu zote hizo, zilikwenda wapi? Wazee hutulaumu sisi kwamba tumeleta makelele. Lakini nikizichukua rekodi za zamani kwenye kompyuta, naona sehemu ya polepole ikizidi kuwa fupi mwaka baada ya mwaka, kabla sijazaliwa.

MPIGAJI: Umeona sawasawa, na jambo hili nataka lieleweke. Santuri ya kwanza tuliyoijua, ile nzito ya mizunguko 78, ilichukua kama dakika tatu kila upande, kwa hiyo wimbo ulikuwa dakika tatu, na dakika tatu zote ziliweza kuwa za taratibu. Ilipokuja ile ndogo ya mizunguko 45, ikawa desturi ya wanamuziki wa Kongo, nasi tukafuata, kuugawa wimbo mmoja pande mbili. Upande wa kwanza ni maneno, mahadhi, watu wameshikana. Unageuza sahani, na upande wa pili magitaa yanachukua, Wakongo wanaita sebene, sisi tukasema chemko, na wachezaji wanaachiana wakacheza kila mtu kivyake. Mwanzoni pande hizo zililingana. Baadaye bendi zilishindana kwa mitindo, Western Jazz na Saboso yao, NUTA Jazz na Msondo, Mlimani Park na Sikinde kuanzia mwaka 1978, na ushindani wa mtindo huamuliwa kwenye chemko, kwani ndiko watu wanakorukia. Mwenye ukumbi naye alipenda chemko, maana anayeruka huona kiu na anayecheza taratibu haoni. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ikapunguzwa na ya pili ikanenepeshwa, mpaka ukafika wakati mwimbaji hakuwa amemaliza kisa chake na solo amekwisha kuingia. Ninyi vijana mlikikuta kisa kimekatwa.

KIJANA: Na tukalaumiwa sisi.

MPIGAJI: Na mkalaumiwa ninyi.

BIBI: Sasa nataka kurudi kwa Mwalimu, kwa sababu lile neno lake la kwanza juu ya "Malaika" limenikaa rohoni na halijajibiwa. Umesema, mwanangu, kwamba mahadhi yamefuta maneno. Mimi nasema hayakufuta kitu. Ni harusi gani uliyopata kwenda ambayo haina aliyekosa? Bwana harusi amelipa mahari, lakini ajua mwaka mzima aliouhangaikia, na ajua kwamba kama mjomba asingeuza shamba leo angekuwa amekaa kwao. Kando ya ukumbi yupo kijana mwingine aliyekuwa na nia na binti huyohuyo, akapungukiwa. Yupo mjane ambaye mwaka jana alikuwa na wa kumshika mkono. Yupo mama wa bibi harusi, anayempenda mkwewe, na anajua ni nani ambaye binti yake angemchagua kama angeachiwa. Nyimbo za shangwe hazina nafasi ya watu hawa. Watakapopigiwa vigelegele watapiga nao, na nyuso zao hazitasema. Lakini ukija wimbo wa polepole wenye huzuni ndani yake, wote hao wanapata dakika tatu za kuwa walivyo bila kuiharibu sherehe ya watu. Wale walioimba kilio cha mahari harusini hawakukosea wimbo. Walijua walichokichagua, hata kama wasingeweza kukueleza.

Sijapata kusikia utetezi wa muziki huu ulio bora kuliko huo, na nakiri waziwazi kwamba ndio unaoniridhisha. Mtu akifumba macho kwa bolero ya ujana wake, usimdhanie upesi kwamba anajitungia furaha. Huenda anampa heshima yake mtu aliyemkosa, mbele ya yule aliyempata, na yule aliyempata ajua na hakasiriki, maana naye amefumba macho. Wimbo wa kasi hautoi ruhusa hiyo, na mazungumzo ya nyumbani hayaitoi pia. Mume na mke wenye miaka ishirini ya ndoa hawawezi kukaa mezani wakatajiana waliowakosa. Lakini wanaweza kucheza wimbo mmoja, wakiwa wameshikana kwa uaminifu wote, na kila mmoja akamwachia mwenzake dakika tatu za kale yake.

MWALIMU: Nayakubali ya Bibi juu ya huzuni. Nayakubali kwa kuwa hayadai kwamba kumbukumbu ni tamu. Lakini sijaondoa neno langu juu ya waliobaki vitini, na Mwandishi alilipita upesi kuliko nilivyopenda.

KIJANA: Basi niambieni la kufanya. Jumamosi nina harusi, wageni mia tatu, na kamati imeshanipa orodha. Wimbo wa taratibu ni mmoja, wa maharusi, baada ya keki.

MPIGAJI: Kwanza, usizime taa. Sisi hatukucheza gizani. Taa ziwake mpaka kila mtu aone nani amemwendea nani.

BIBI: Maharusi wakicheza ubeti wa kwanza, ubeti wa pili waite wazazi wao, wa tatu waite kila mwenye ndoa aliye ukumbini. Wasitazamwe wawili na mia tatu, mia tatu wacheze. Mimi nitakaa kitini na leso yangu, nitunze.

KIJANA: Kamati itasema ratiba imezidi muda.

BIBI: Kamati niachie mimi.

MWALIMU: Na wasio na ndoa? Mmeanza tena, Bi Mkubwa. Mwenye ndoa aitwe, na mjane je? Na aliyekuja peke yake? Ubeti wa nne uwe wao, na waendewe mezani kwa adabu ileile ya kuombwa, siyo watangaziwe kwenye kipaza sauti wajulikane ukumbi mzima kwamba hawana mtu.

MPIGAJI: Ni nani atakayewaendea? Vijana wa leo hawajui kuomba.

BIBI: Wewe. Gitaa hulishiki tena, mdogo wangu. Mikono yako haina kazi.

MPIGAJI: Nitawaendea, Bi Mkubwa, mmoja baada ya mwingine, na nitawarudisha mpaka vitini pao. Lakini huyu mjukuu wetu lazima anihakikishie urefu. Ubeti wa nne haufikiki kwa dakika mbili na nusu, na pale kati kuna nafasi ya saksafoni ambayo asithubutu kuikata.